Funga pazia kwanza, ndipo uwashe taa

Jioni ya kwanza nilipopangiwa chumba chake alinifokea kabla sijamsalimu. Nilikuwa nimeingia na trei ya chakula mkono mmoja, mwingine unapapasa swichi. "Pazia! Pazia kwanza, ndipo taa!" Nikadhani akili zimeanza kumruka, maana chumba kilikuwa ghorofa ya pili, na nje hakukuwa na kitu ila magari ya wafanyakazi na mti mmoja wa limau. Nikafunga pazia, nikawasha taa, naye akanyamaza kama mtoto aliyepewa titi. Kisha akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kenya, Mombasa. Akainua mkono kama mtu aliyeshika mkuki, akapiga ukelele: "Ungawa!"

Hiyo si lugha ya mtu yeyote. Ni neno la filamu za Tarzan, lililobuniwa hukohuko Hollywood, na mle lilimaanisha chochote kilichohitajika: simama, ondoka, tembo njoo, tembo rudi. Mimi wakati ule sikulijua. Nilidhani ananitukana.

Nilifanya kazi katika nyumba ile ya wazee, bonde la San Fernando, kaskazini ya Los Angeles, kuanzia 2007 hadi 2011. Zamu yangu ilikuwa saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Jina la Mzee silitaji; kazi yetu hairuhusu, na mwenyewe hayupo tena wa kuniruhusu. Alizaliwa 1924, akakulia kando ya Central Avenue, mtaa wa Wamarekani Weusi enzi hizo, na kazi yake maisha yote ilikuwa dansi ya viatu vyenye vipande vya chuma, ile ya kugongagonga sakafu kwa kisigino na vidole. Akikosa dansi alisimama nyuma ya waigizaji wakubwa kwenye filamu: mpagazi wa treni, mhudumu wa baa, shujaa wa kabila lisilo na jina. Ukitazama filamu za zamani ukaona watu wanane wamejitwika masanduku nyuma ya Mzungu mwenye kofia, wa sita huenda ni yeye.

La pazia alinieleza baada ya wiki, alipoona simwagi uji wake. Usiku wa tarehe 20 Juni 1947, nyumba namba 810 North Linden Drive, Beverly Hills, jambazi Benjamin Siegel alikuwa ameketi kwenye sofa anasoma gazeti. Magazeti yalimwita Bugsy, jina ambalo hakuna aliyethubutu kumwita akiwa mbele yake. Nyumba ilikuwa ya hawara yake, Virginia Hill, ambaye siku hizo alikuwa Ulaya. Taa inawaka, pazia liko wazi. Mtu aliyesimama nje gizani akamlenga kupitia dirishani kwa bunduki ya kijeshi aina ya M1. Rafiki yake Allen Smiley, aliyekuwa ameketi naye sofa hiyohiyo, akatoka mzima. Aliyefyatua hajashikwa hadi leo.

"Nilikuwepo," Mzee akasema. "Barabarani, hatua thelathini. Nilizisikia risasi zote."

Akanieleza na chanzo. Kule Las Vegas, ambako kulikuwa jangwa na hoteli chache za kamari, mwenye magazeti mmoja wa Hollywood, Billy Wilkerson, alianza kujenga hoteli ya Flamingo, fedha zikamwishia. Siegel akaingia na fedha za wakubwa wake wa New York. Jengo lililokisiwa kugharimu zaidi kidogo ya dola milioni moja likameza kama milioni sita. Wakafungua tarehe 26 Desemba 1946, mvua inanyesha, Jimmy Durante yuko jukwaani, na vyumba vya kulala bado havijakamilika. Wageni wakacheza kamari pale, waliobahatika wakachukua walichoshinda wakaenda kukipoteza kwenye hoteli walikolala. Miezi sita baadaye ndipo hilo la dirishani.

Nilimwamini kwa muda wa mwezi mmoja. Halafu, siku nikimkata kucha, akanisimulia vizuri kabisa onyesho alilocheza Oakland, tena akakumbuka kwamba ulikuwa mwezi Juni, 1947, kwa sababu asubuhi yake muuza magazeti alipita akinadi kwamba Bugsy kauawa. Oakland iko mbali na Beverly Hills kama Mombasa na Nairobi, na zaidi. Sikusema kitu. Nimelelewa na babu aliyekuwa baharia. Namjua mtu anapoongeza chumvi, na najua chakula hustahimili chumvi kiasi gani.

Ila lilinikereketa. Siku zangu za mapumziko, wenzangu wakienda kulala au kuongeza zamu kwingine, mimi nikaanza kupanda basi kwenda maktaba kusoma magazeti ya zamani na vitabu vya kesi. Nia yangu ya kwanza, nikiri, haikuwa elimu. Nilitaka kumkamata. Ikawa mchezo wetu: yeye anasimulia Jumanne, mimi Ijumaa narudi na tarehe. Akiniona mlangoni anasema, "Amefika askari kanzu."

Nilimshinda mara nyingi, lakini ushindi mtamu kuliko wote ulikuwa wa mwimbaji Frank Sinatra. Yeye, kama watu wengi wa rika lake, alishikilia kwamba majambazi ndio waliomtafutia Sinatra ile nafasi ya askari kwenye filamu ya wanajeshi wa Pearl Harbor, baada ya nyota yake kuzimika. Nikamwambia, Mzee, hilo niachie mimi, maana limepita kwetu. Novemba 1952 Sinatra alikuwa Kenya. Mkewe Ava Gardner alikuwa anapiga filamu huko na Clark Gable na Grace Kelly, naye amemfuata kama mume asiye na kazi, akikaa kambini na kusubiri simu. Harry Cohn, bosi wa studio ya Columbia, alipokubali ajaribiwe mbele ya kamera, akapanda ndege Nairobi, akajaribiwa, akarudi tena kambini kungoja. Ava naye alikuwa ameshamwombea kwa mke wa Cohn. Malipo ya nafasi yenyewe yalikuwa dola 8,000, kiasi cha aibu kwa mtu wa jina lake, na Machi 1954 ikampa Oscar.

Mzee akakaa kimya muda. "Kwa hiyo ni mkewe."

"Ni mkewe, na nauli."

"Haina utamu," akasema. "Ya majambazi ni nzuri zaidi." Na mwezi uliofuata nikamsikia anamsimulia jirani yake ileile ya majambazi, bila kupunguza hata nukta.

Kitu kimoja ambacho sikuweza kumkamata ni cha chama cha wafanyakazi. Hicho alikieleza kama fundi anavyokueleza pampu ya maji, mkono kwa mkono, bomba hili linaingia hapa. Filamu ikitoka studio inakwenda wapi? Jumba la sinema. Nani anaionyesha? Mpiga mashine, mtu aliyejifungia kwenye kijichumba cha nyuma, mashine mbili, mkanda mmoja ukikaribia kwisha anaanzisha mwingine. Huyo akigoma usiku mmoja jumba zima ni giza, na kiti ambacho hakikuuzwa leo hakiuzwi kesho. Si kama viatu, vikikosa mnunuzi vikasubiri rafuni. Na zamani hizo studio kubwa ndizo zilizomiliki majumba mengi ya sinema. Kwa hiyo ukimshika mpiga mashine, umeishika Hollywood yote koo.

Majambazi wa Chicago, kina Frank Nitti, waliliona hilo. Mwaka 1934 wakamsaidia George Browne kuwa rais wa IATSE, chama cha wafanyakazi wa majukwaa na sinema, na kando yake wakamweka Willie Bioff, kuwadi wa zamani wa mitaa ya Chicago. Bei ikatangazwa: studio kubwa dola 50,000 kwa mwaka, ndogo 25,000. Fedha zikafika taslimu kwenye vifurushi, wakazihesabu kitandani katika chumba cha hoteli kule New York. Na juu ya hapo wanachama wenyewe wakakatwa asilimia mbili ya mshahara.

Mjomba wa Mzee alikuwa mng'arisha viatu kwenye lango la studio mojawapo, na kwa maneno ya Mzee, mng'arisha viatu huona kila kitu kwa kuwa wenye viatu huangalia gazeti. "Mjomba alisema mabosi hawakuwa na sura ya watu wanaoibiwa. Walikuwa wanacheka." Mwanzoni niliona ni masihara. Nilipoisoma kesi nikaelewa: chama ambacho viongozi wake wameshalipwa hakigomi, na mishahara haipandi. Elfu hamsini ilikuwa rahisi.

Walichokosea ni hundi. Joseph Schenck wa 20th Century Fox alimpa Bioff hundi ya dola 100,000. Mwizi mzoefu hapokei hundi. Mwaka 1941 Bioff na Browne wakahukumiwa jela, na 1943 Bioff akaamua kusema yote. Nitti akajiua tarehe 19 Machi mwaka huo, mara tu hati ya mashtaka ilipotoka. Bioff alipoachiliwa akabadili jina, akahamia Phoenix akijiita William Nelson, akaishi kama bwana shamba mpaka tarehe 4 Novemba 1955 alipowasha gari lake nyumbani likalipuka naye.

"Na Schenck?" nilimuuliza, ingawa nilishasoma.

"Miezi minne. Truman akamsamehe, akarudi ofisini, na 1953 wakampa Oscar ya heshima." Akanyoosha mguu nimvike soksi. "Mjomba yeye walimfukuza kwa kukaa karibu na mlango mno."

Habari ya mwigizaji Marilyn Monroe Mzee hakuigusa. Kila mzee pale ndani alikuwa na nadharia yake juu ya usiku aliokufa, tarehe 4 Agosti 1962. Bibi mmoja wa chumba cha pembeni alimlaumu hadi daktari wa meno. Wakianza, Mzee aliinamia supu. Waendesha mashtaka wa Los Angeles waliifungua upya habari hiyo 1982, hawakupata ushahidi wa mauaji, lakini habari ya namna hiyo haijamfurahisha mtu yeyote mezani. Nilipomuuliza kwa nini hasemi, alijibu kwamba yule alikuwa mtoto wa watu na sasa amekuwa karanga za kutafunia kwenye kahawa.

Alichopenda ni kesi kongwe, tena alikuwa na njia yake ya kuzisimulia. Chukua ya mwongozaji filamu William Desmond Taylor. Wote huanza na waigizaji wawili wa kike waliotajwa, Mabel Normand na Mary Miles Minter. Mzee alianza na mpishi. Asubuhi ya tarehe 2 Februari 1922, Henry Peavey, Mmarekani Mweusi, mpishi na mtumishi wa Taylor, alifika kazini mtaa wa South Alvarado kama kila siku, akafungua mlango, akamkuta bosi wake amelala chali sakafuni. Akatoka mbio anapiga kelele. Mtu aliyejitambulisha kuwa daktari akatazama, akasema ni tumbo. Baadaye walipomgeuza maiti ndipo wakaona tundu la risasi mgongoni. Wakati huo watu wa studio walikuwa wameshafika na wameshaondoka na makaratasi yake. Muuaji hajajulikana mpaka leo.

"Sasa niambie, Kenya. Nani alijua nani aliingia nyumba ile usiku, nani alilala, nani alikunywa nini?"

"Peavey."

"Na nani magazeti yalimgeuza kichekesho, wakaandika matamshi yake, wakaandika nguo zake?"

Vilevile kwa Thelma Todd, mwigizaji wa vichekesho, miaka 29, aliyekutwa amekufa tarehe 16 Desemba 1935 ndani ya gari lake, kwenye gereji juu ya mkahawa wake Pacific Palisades, sumu ya moshi wa gari imemuua. Majambazi wa kamari walitajwa, mpenzi wake alitajwa, mume wa zamani alitajwa. Mzee alinikumbusha tu kwamba aliyemkuta garini alikuwa mjakazi wake.

Haya aliyasema huku namgeuza ubavu nimkague mgongo kama una vidonda. Sikujibu, lakini nilijiona. Mimi najua nani katika nyumba ile hupigiwa simu na wanawe na nani husingizia kupigiwa. Najua nani anaficha vidonge chini ya ulimi. Familia zikija Jumapili hunipita mlangoni kumtafuta meneja.

Baada ya mwaka hivi nikaanza kugundua tofauti katika usemi wake. Hadithi ambazo yeye yumo katikati, amesimama barabarani, amempa mwigizaji Lana Turner kiberiti, amekataa kinywaji cha jambazi Mickey Cohen, hizo zilibadilika kila mara. Saa zilibadilika, watu walibadilika, na sauti ilipanda. Lakini iko moja ambayo haikubadilika hata kidogo kwa miaka minne, wala hakuwa akiisimulia mbele ya watu. Ilikuja akiwa amechoka, taa imeshazimwa.

Ni ya jikoni. Kwenye miaka ya 1950 alicheza dansi katika hoteli za Las Vegas. Wanamuziki na wachezaji Weusi waliruhusiwa jukwaani tu. Hawakulala hotelini, hawakula ukumbini, hawakukaa kwenye meza za kamari. Hata Sammy Davis Jr., jina lake likiwaka kwa taa nje, mwanzoni alipitia mlango huohuo wa nyuma. Mlango wa nyuma ni jikoni, na sakafu ya jikoni ina mafuta. Viatu vya chuma vikikanyaga mafuta ni sawa na kuvaa sabuni. Kwa hiyo alitembea na kitambaa mfukoni na chupa ndogo ya siki. Anapita jikoni kwa vidole vya miguu, anafika nyuma ya pazia la jukwaa, anainua mguu wa kushoto, anafuta, anainua wa kulia, anafuta, ndipo anaingia akicheka. Onyesho likiisha anarudi njia ileile. Mpishi mmoja kutoka Louisiana alimwekea sahani ya wali na maharage juu ya rafu ya sufuria. Anakula amesimama, jasho bado linatiririka, huku makofi ya ukumbini yanasikika kupitia mlango wa kubembea kila mhudumu anapopita: yanaingia, yanakatika, yanaingia, yanakatika. Kisha gari hadi Westside, ng'ambo ya reli, vumbi tupu, kwenye nyumba ya mama mmoja aliyepangisha vitanda.

Wenye hoteli, ambao kila mtu alijua ni kina nani, walimlipa vizuri, taslimu, usiku uleule. Hili alilisema bila aibu. Aliyewahi kumdhulumu mshahara wa wiki tatu alikuwa mtu wa studio, mwenye ofisi, katibu muhtasi na picha ya familia mezani.

Mwaka 1955, tarehe 24 Mei, ikafunguliwa Moulin Rouge hukohuko Westside, hoteli ya kwanza ya kamari ya Las Vegas iliyowapokea Weusi na Weupe pamoja. Bondia Joe Louis alikaribisha wageni mlangoni. Mzee alilala pale usiku mmoja, si kwa kazi, kwa fedha zake. Aliingia mlango wa mbele. Alisema alipofika kwenye zulia alisimama akainua mguu wa kushoto afute kiatu, mkono umeshafika mfukoni, kabla hajakumbuka. Mwaka haukuisha hoteli ikafungwa. Sikwenda maktaba kukagua hadithi hiyo. Tarehe za Moulin Rouge nilizikuta nikitafuta jambo jingine.

Mwisho wake ulianza na nimonia ya pili, mapema 2011. Alipopata nafuu akawa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Jioni moja akaniambia kuna jambo ametaka kuniuliza tangu siku ya kwanza. Kwenye filamu moja ya porini walipigia Arcadia, kwenye bustani ya miti yenye ziwa, nusu saa tu kutoka Central Avenue. Alivikwa ngozi, akapakwa chokaa, akapewa mkuki awakimbilie Wazungu na kupiga kelele maneno aliyofundishwa na msaidizi wa mwongozaji, aliyemhakikishia ni Kiafrika cha kweli. Alikuwa ameyaweka kichwani karibu miaka sitini. Akayasema polepole, kama mtu anayesoma shahada: "Mabula gutu, mabula se."

"Nilikuwa nasema nini, Kenya? Nilikuwa nawatukana?"

Nilijua wazi hakuna kitu pale. Si Kiswahili, si Kigiriama, wala si lugha yoyote niliyowahi kuisikia. Mimi ndiye askari kanzu, miaka minne simwachii hata tarehe.

"Ni lugha ya zamani kidogo," nikasema. "Ni kama, karibuni jamani, chakula kiko tayari."

Alicheka mpaka nikaogopa kifua chake, nikamwinua na kumpigapiga mgongo. "Na mkuki mkononi!" akawa anasema. "Nawakimbiza na mkuki, nawaita wakale!"

Kesho yake akaipeleka ukumbi wa chakula. Wiki hiyo ilisimuliwa mara tano. Kufika Pasaka Clark Gable alikuwa ameshaingia ndani yake, na mwongozaji alikuwa amesimamisha kamera kwa kicheko. Bibi wa chumba cha pembeni, yule wa daktari wa meno, akaguna kwamba hayo ni uongo mtupu.

"Muulize huyo," Mzee akasema, akininyooshea kijiko. "Ndiyo lugha yao."

Nilikuwa nimeshika jagi la maji. Nikasema ndiyo, ndivyo tunavyosema Mombasa, nikaenda kufunga mapazia, maana nje giza lilikuwa linaingia na taa za ukumbi zilikuwa hazijawashwa.